Kutii na Kunyamaza

Siku moja pale pantoni Kigamboni mtoto wa shule alikuwa anapenya foleni. Mzee mmoja akamshika bega: "Mjukuu wangu, tii sheria bila shuruti." Watu tukacheka, maana hiyo ni kaulimbiu ya Jeshi la Polisi, tumeizoea. Lakini mimi nikavuka nayo hadi Magogoni. Hivi, kuna kutii kwa shuruti?

Neno tii limetoka Kiarabu, na kule shina lake hubeba maana ya kuridhia. Ndimo linamotoka hata neno lao la kujitolea. Shuruti nalo ni ndugu wa sharti, neno la mapatano. Kwenye sharti wako wawili wamekaa mkekani wanaelewana. Kwenye shuruti mmoja amesimama, mwenzake ameinamishwa. Basi kwa asili yake, utii hauhitaji kuambiwa "bila shuruti". Nani aliyeyachanganya maneno haya hata leo ikabidi tuyatenganishe?

Tuulize historia. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa jasho lake. Mwaka 1902 wakaleta mashamba ya pamba ya kijiji, tena huku huku kwetu Uzaramo. Kila mtu mzima alipangiwa siku 28 kwa mwaka chini ya jumbe, na malipo yalikuwa madogo mno hata wengine wakakataa kuyapokea. Je, watu walikwenda shambani? Walikwenda. Kwa macho ya mtawala, walitii. Lakini Julai 1905 Wamatumbi wakang'oa pamba, Vita vya Maji Maji vikaanza, na havikuzimwa mpaka 1907. Wahenga walishasema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Usidhani hayo ni ya wakoloni tu. Januari 2012 nauli ya pantoni ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200. Watu wakalalamika. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, akajibu kwamba asiyetaka kulipa apige mbizi. Daraja lilikuwa bado, lilifunguliwa 2016. Basi watu wakalipa. Huo nao tuuite utii? Mtu ana bahari mbele, kazi iko ng'ambo, atafanyaje?

Sisemi sheria zivunjwe, la hasha! Pantoni bila foleni ni maafa. Ninachosema ni kwamba anayetaka kutiiwa akae kwanza mkekani, aeleze na asikilize, sharti lisigeuke shuruti.

Na yule mtoto? Hakuna aliyemchapa wala kumtukana. Aliitwa mjukuu, akaona haya, akasema "Shikamoo babu," akarudi nyuma ya foleni kwa miguu yake mwenyewe.