Likelemba, simu, na swali lililobakia nyuma



Huku Annexe, kwetu Luwowoshi, mama yangu iko mu likelemba ya bamama 12. Zamani balikuwa banakutana kila siku ya Mungu kisha misa: kila mutu analeta makuta yake, mumoja anabeba yote. Leo kila mutu anatuma paka kwa simu. Ni vizuri: hakuna mwizi wa njiani, hakuna feza ya transport. Lakini mwaka jana mama mumoja aligonjwa mwezi muzima, na benzake hawakujua. Feza yake ilikuwa inafika kila juma, kwa saa yake. Mutoto wake njo alikuwa anatuma.

Niliwaza hii ni shida ya kwetu tu. Kisha nikasoma historia ya M-Pesa, nikaona swali hili lilikuwako tangu mwanzo.

Mwaka 2005, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, kampuni ya Uingereza, balianza jaribio Kenya pamoja na Safaricom na Faulu, shirika la mikopo midogo. Serikali ya Uingereza ilichangia feza. Programu ilikuwa ya kusaidia mutu aliyekopa alipe deni yake kwa simu. Jaribio lilifanyika Nairobi na Thika, na bateja karibu 500.

Sasa batu bakaanza kuitumia kwa njia yao. Bachuruzi bakalipana bao kwa bao. Bangine baliweka feza mbele ya kupanda gari, bakaitoa kule bamefika, juu ya kukimbia baivi. Bangine balinunua unite na kuzituma kwa ndugu zao ku kijiji. Hakuna aliyewafundisha hayo. Batu njo balifundisha benye kutengeneza programu. Safaricom ilipoifungua kwa watu wote, mwezi wa tatu 2007, habari ya deni iliwekwa pembeni, wito ukawa: tuma pesa nyumbani. Mwaka haukuisha, bateja balipita milioni 1.

Hadithi hii tunaipenda, na iko kweli. Lakini ina upande mwingine. Bakopaji ba Faulu balikuwa mu vikundi. Balikutana, kila mutu alilipa mbele ya benzake, na mumoja akikosa, kikundi kinamubeba. Ukilipa kwa simu, utaenda mu mkutano kufanya nini? Programu ya 2007 haikuhitaji kujibu: ilijua mutu mumoja na namba yake. Kikundi hakikuwa tena ndani.

Vodacom ilileta M-Pesa Congo mwezi wa 11, 2012. Ilifika kwetu vile ilivyokuwa, na likelemba zetu zikaingia ndani bila mutu kuuliza ile swali.

Sisemi turudilie bahasha. Mutu aliyesoma agronomia anajua: ukileta mbegu mpya, usipime mavuno peke yake, upime na udongo kisha mavuno. Mbegu haina kosa, lakini inakula kitu. Simu ilitupa usalama na haraka. Ilikula ile saa moja ambamo mama anaangalia uso wa mwenzake na kuuliza: «Unakonda, kuko nini?»

Bamama ba kwetu bamekata shauri. Feza itabakia ku simu. Lakini siku ya Mungu ya kwanza ya kila mwezi banakutana, na asiyekuja anapigiwa, asikike sauti yake mwenyewe, hapana ya mutoto.

Na ninyi benye kujifunza kuandika programu kule Kasapa: mbele ya kuandika ingine ya likelemba, muombe kwanza bamama bawapokee mu mkutano moja. Mukae, musikilize mambo yote banasema ambayo hayahusu feza.

Kwenu likelemba ingali inakutana, ao imebakia ku simu tu? Mutuambie.