Karagwe ni Mbali Kiasi Gani?

Leo mtu hupanda ndege Dar es Salaam asubuhi, akashuka Bukoba, akashika gari, na jioni yuko Karagwe. Speke na Grant waliondoka Bagamoyo Oktoba 1860, wakafika kwa Mukama Rumanyika, Bweranyange, Novemba 1861. Miezi 13! Kilichowachelewesha si umbali hasa, bali hongo, vita vya Unyamwezi na wapagazi kutoroka. Januari 1862 Speke akaendelea kwenda Buganda. Grant, mguu una donda, akabaki chini ya hifadhi ya Rumanyika.

Mimi nasema umbali hupimwa kwa njia na kwa mwenyeji. Hata leo, mgonjwa wa kijijini Kyerwa haulizi kilomita ngapi. Huuliza: mvua imeiacha barabara?