Talaka ya Uzeeni na Mgawanyo wa Mali Mkoani Singida

Talaka ya uzeeni ni kuvunjika kwa ndoa iliyodumu miongo kadhaa, aghalabu watoto wakiwa wameshaoa na kuolewa. Nchini Marekani kiwango chake kwa watu wenye miaka 50 na zaidi kiliongezeka maradufu kati ya 1990 na 2010. Nchini Japani, tangu mwaka 2007 sheria inaruhusu pensheni kugawanywa wanandoa wanapoachana. Maelezo ya huko huanzia kwenye umri mrefu na kipato cha kustaafu. Mkoani Singida hayafiki mbali. Kati ya wakazi 2,008,058 waliohesabiwa mwaka 2022, walio wengi huishi kwa kilimo na ufugaji, wala hawana mfuko wa pensheni wa kuudai. Kinachogombewa ni shamba la alizeti, ng'ombe na nyumba. Wanagombewa pia watoto wakubwa, maana atakayebaki bila mtoto wa kumwegemea uzeeni ndiye aliyeshindwa hasa.

Mwanaanthropolojia Harold Schneider, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu Wanyaturu wa Wahi mkoani Singida, alionyesha jinsi mtama na uwele ulivyotegemea samadi, na samadi ikategemea ng'ombe. Kila mke alikuwa na nyumba yake na mashamba ya nyumba hiyo, ambayo wanawe wa kiume waliyarithi. Mpangilio huo unaeleza kwa nini mwanamke wa makamo anayechoshwa na ndoa hana haja kubwa ya kwenda mahakamani: huhamia kwenye mji wa mwanawe. Mahari haiguswi na wazee hawaitwi. Majirani nao husema tu kwamba mama yuko kwa mwanawe. Kwa Wanyisanzu wa wilaya ya Mkalama, ambao kwa asili hufuata ukoo wa mama, anayeondoka ana pia wajomba na ndugu wa tumbo moja ambao kwao si mgeni. Kwa Wanyaturu, wanaofuata ukoo wa baba, kurudi kwa kaka waliokwisha kugawana mashamba ni jambo jingine kabisa.

Utengano huu wa kimyakimya una heshima yake, na kwa miaka michache huenda ukawatosha wote. Kisheria, hata hivyo, haumpi mwanamke fungu lolote katika mali ya ndoa. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja pale tu inapotoa, au baada ya kutoa, amri ya talaka au ya kutengana. Bila amri hiyo hakuna mgawanyo. Mume akioa mwingine, mke mpya anaingia katika shamba ambalo wa kwanza alilipalilia miaka 30.

Njia ya mahakama nayo si ngumu kama inavyodhaniwa. Shauri huanzia kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza likishindwa hutoa hati ya kuthibitisha hivyo. Baada ya hapo hata Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kulisikiliza. Kutelekezwa kwa miaka mitatu au zaidi, au kutengana kwa hiari kwa muda kama huo, ni ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Waliokwisha kuhamia kwa watoto wao wengi wameshaupita muda huo. Kwa waliooana Kiislamu, talaka iliyotolewa kwa mujibu wa dini baada ya usuluhishi kushindikana inatambuliwa, na eda ya mwanamke aliyekoma hedhi ni miezi mitatu.

Ugumu uko kwenye ushahidi wa mchango. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali. (Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokabidhiwa na mumewe alizitapanya.) Kanuni ni njema, lakini kiasi cha mchango lazima kithibitishwe, na kupura uwele au kubeba samadi hakuachi risiti. Mashahidi wa kazi hiyo ni majirani wa rika lake, nao hupungua kila mwaka. Anayekawia kudai anawapoteza.

Sababu nzito zaidi ya kutokawia iko kwenye urithi. Kanuni za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba hazimpi mjane fungu katika mali ya marehemu. Haki yake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliilaumu Tanzania kwa kanuni hizo, katika malalamiko ya wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga. Mjane wa Kiislamu ambaye mumewe ameacha watoto hupata thumni. Anayehukumiwa kwa mila hana hata hiyo, ingawa anaweza kudai kilicho chake. Matokeo yake ni ya ajabu: mwanamke wa miaka 60 aliyeachika kwa amri ya mahakama ana dai lililo wazi zaidi kuliko mwenzake aliyevumilia hadi akamzika mumewe.

Kuanza upya kunahitaji ardhi kabla ya kuku wa kienyeji au mkopo wa kikoba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu aliyeachika, au aliyeachana na mwenzi wake kwa miaka miwili, na ambaye kabla ya ndoa alikuwa mwanakijiji, kuomba hakimiliki ya kimila katika kijiji chake cha asili. Mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ya jinsia yake ni batili kwa sheria hiyohiyo. Mwanamume pia huanza upya, mara nyingi kwa kuoa. Mifugo humrahisishia hilo, lakini watoto wakiegemea kwa mama yao, zizi huwa na ng'ombe na likakosa mchungaji.

Kwa Wakatoliki, ambao kanisa lao haliruhusu talaka, na kwa wengine wanaoionea haya, sheria imeacha mlango mwingine: amri ya kutengana haivunji ndoa, na bado inaipa mahakama uwezo uleule wa kugawa mali.