Gharama za Kumsaidia Aliyevamiwa: Funzo la Ethiopia, 1935–1942

Maneno matupu hayavunji mfupa. Nchi inapovamiwa, maazimio ya kuiunga mkono hupitishwa upesi, kwa sababu kunyosha mkono mkutanoni hakugharimu kitu. Suala linaloamua vita ni jingine: gharama za msaada huo zitabebwa na nani, kwa muda gani, na zitagawanywa vipi? Katika makala hii tunakusudia kulichambua suala hilo kwa mfano wa Ethiopia, iliyovamiwa na Italia ya Kifashisti tarehe 3 Oktoba 1935. Ethiopia ilikuwa mwanachama wa Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa, tangu mwaka 1923. Kwa mujibu wa Mkataba wa Shirikisho hilo, aliyemshambulia mwanachama mmoja alihesabiwa kuwa amewashambulia wote.

Uchumi wa pande mbili

Tuanze na hali halisi. Ethiopia ilikuwa nchi ya kikabaila, yenye wakulima na wafugaji, iliyouza nje kahawa na ngozi. Haikuwa na viwanda vya silaha wala bandari yake yenyewe. Reli yake moja, kutoka Addis Ababa hadi Jibuti, ilikuwa mali ya kampuni ya Kifaransa na iliishia katika koloni la Ufaransa. Italia, kwa upande wake, ilikuwa na viwanda, ndege na malori, lakini haikuwa na mafuta ya kutosha kuviendesha. Kila lori lililopanda milima ya Tigre lilikwenda kwa mafuta yaliyonunuliwa nje, na kila askari aliyetoka Italia kwenda Eritrea na Somalia alipitia Mfereji wa Suez.

Kwa hiyo pande zote mbili zilitegemea mali ya nje. Ulimwengu ulikuwa na uwezo wa kumfungia mvamizi bomba la mafuta na kumfungulia mvamiwa mlango wa silaha. Yaliyotendeka yalikuwa karibu kinyume cha hayo. Katikati ya mwaka 1935, kabla vita havijaanza, Uingereza na Ufaransa zilizuia silaha zisiuziwe upande wowote. Katazo hilo liliitwa la haki kwa sababu lilikuwa sawa kwa wote. Lakini Italia ilijitengenezea silaha zake yenyewe, na Ethiopia ilitegemea kununua. Usawa wa namna hiyo kati ya mwenye kiwanda na asiye nacho ni kumsaidia mwenye kiwanda.

Vikwazo visivyouma

Tarehe 18 Novemba 1935 vikwazo dhidi ya Italia vilianza kutumika, vikiungwa mkono na nchi zaidi ya 50. Katazo la silaha kwa Ethiopia liliondolewa, Italia ikanyimwa mikopo, bidhaa zake zikakataliwa, na yenyewe ikazuiwa kuuziwa mpira, bati, nikeli na wanyama wa kubebea mizigo. Tukiitazama orodha hiyo kwa makini tunaona siri yake. Alumini ilipigwa marufuku, ingawa Italia ilikuwa nayo ya kutosha. Mawe ya chuma na vyuma chakavu vilizuiwa, lakini chuma ghafi na chuma cha pua vikaachwa. Makaa ya mawe yakaachwa. Mafuta, ambayo ndiyo yaliyokuwa roho ya vita, yakaachwa. Mfereji wa Suez ukabaki wazi, na meli za jeshi la Italia zikapita zikilipa ada kwa kampuni ambayo serikali ya Uingereza yenyewe ilikuwa mwenye hisa mkubwa.

Sababu iliyotolewa kuhusu mafuta ilikuwa kwamba Marekani, ambayo haikuwa mwanachama, ingeendelea kuyauza. Ni kweli kwamba mauzo ya makampuni ya Marekani kwa Italia yaliongezeka. Lakini hatuna budi kusema ukweli wote: Romania iliendelea kuuza mafuta, na hata Urusi ya Kisovieti iliendelea kuuza, ikisema itaacha wengine wakiacha. Kila muuzaji alimsubiri mwenzake. Mkalimani wa Hitler, Paul Schmidt, alisimulia baadaye kwamba mwaka 1938 Mussolini alikiri kuwa kama mafuta yangezuiwa, angelazimika kuondoka Ethiopia katika muda wa juma moja.

Mzigo usiogawanywa

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mkataba wa Shirikisho, katika Kifungu cha 16, haukusema tu kwamba mvamizi awekewe vikwazo. Ulisema pia kwamba wanachama wasaidiane kupunguza hasara ya vikwazo hivyo. Sehemu hii ya pili ilitekelezwa kwa ulegevu mkubwa. Yugoslavia, ambayo Italia ilikuwa mnunuzi wake mkubwa wa mbao na mifugo, ilitii vikwazo na kupoteza soko. Fidia iliyopata kwa wenzake ilikuwa ndogo, na biashara yake ikazidi kuelekea Ujerumani ya Hitler. Nchi ndogo ilibeba mzigo kwa niaba ya wote, kisha ikaachwa ijitafutie nafuu kwa adui mwingine wa amani. Mshikamano wa namna hiyo hauwezi kudumu.

Na mvamiwa mwenyewe alipata nini? Ethiopia iliomba msaada wa fedha tangu Novemba 1935, ikanyimwa. Wakati huohuo, Desemba 1935, Hoare wa Uingereza na Laval wa Ufaransa walikaa faraghani kupanga namna ya kumkatia Mussolini sehemu kubwa ya nchi hiyo. Wananchi wa Uingereza walipopata habari walikasirika hata Hoare akajiuzulu, lakini nia ya wakubwa ilikwisha kujulikana: walimtaka Mussolini awe upande wao dhidi ya Hitler, na bei waliyotaka kulipa ilikuwa ardhi ya Waafrika.

Addis Ababa ilitekwa tarehe 5 Mei 1936, baada ya mabomu na gesi ya sumu. Mfalme Haile Selassie alihutubia Geneva tarehe 30 Juni. Siku chache baadaye ujumbe wake uliomba udhamini wa mkopo wa pauni milioni 10 ili mapambano yaendelee. Kura 23 zilipinga, 25 hazikuelemea upande wowote, na moja tu, ya Ethiopia yenyewe, ilikubali. Vikwazo viliondolewa tarehe 15 Julai 1936.

Waliolipa kutoka mifukoni mwao

Lakini historia hiyo haikuwa ya serikali tu. Makuli wa bandari ya Durban walikataa kupakia shehena kwenye meli za Italia, wakihatarisha ujira wao. Mjini London, C.L.R. James, Amy Ashwood Garvey na Jomo Kenyatta waliunda chama cha kuitetea Ethiopia. Ndani ya nchi, wazalendo waliendelea kupigana milimani miaka mitano. Watu hawa hawakuwa na mafuta wala mfereji, lakini walitoa kile walichokuwa nacho.

Uingereza iligeuka pale Italia ilipoingia vitani dhidi yake tarehe 10 Juni 1940. Ndipo fedha, silaha na askari vilipopatikana, wakiwamo vijana wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Mfalme alirudi Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941. Hata hivyo, msaada huo ulikuja na bei yake. Mkataba wa Januari 1942 uliipa Ethiopia ruzuku, lakini washauri wakawa Waingereza, reli na Ogaden vikabaki mikononi mwa jeshi la Uingereza, na shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na bodi ya kikoloni, ikawa fedha ya nchi hiyo hadi Ethiopia ilipotoa fedha yake mwaka 1945.

Mafunzo

Tunajifunza mambo matatu. Kwanza, kumbana mvamizi bila kumpa mvamiwa fedha na silaha ni nusu ya kazi, na nusu hiyo haishindi vita. Pili, hasara ya vikwazo lazima igawanywe kwa mpango tangu mwanzo, la sivyo mnyonge miongoni mwa wasaidizi ndiye atakayechoka kwanza. Tatu, msaada wa mkubwa mmoja hugeuka kuwa hatamu. Msaada wa wengi, kila mmoja kwa kadiri yake, humwacha mvamiwa na uhuru wake.

Haikuwa bahati tu kwamba mwaka 1963, katika jiji hilohilo la Addis Ababa, nchi huru za Afrika ziliunda Kamati ya Ukombozi na kuipa makao Dar es Salaam na mfuko wa michango. Michango hiyo mara nyingi ilichelewa, na baadhi ya wanachama hawakulipa. Lakini msingi wake ulikuwa sahihi, na Kamati ilifanya kazi hadi ilipovunjwa mwaka 1994, Afrika Kusini ilipokuwa imekombolewa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nchi inapovamiwa, basi, tusiulize ni wangapi wamepiga kura kuiunga mkono. Tuulize ni wangapi wamelipa, na kama wataendelea kulipa mwaka ujao.