Kwa nini sangara hupimwa urefu na umri?

Msikilizaji, mtaalamu anayemlaza sangara kwenye ubao wa kupimia pale mwaloni hatafuti makosa yako. Anapima urefu kuanzia mdomoni hadi ncha ya mkia, kisha uzito.

Umri husomwa kichwani. Ndani mna vijiwe vidogo vya sikio vinavyokua kwa tabaka, mfano wa pete za gogo. Nchi za baridi pete hizo huhesabika kirahisi. Ziwa Victoria joto halibadiliki sana, pete hufifia, hivyo urefu hutegemewa zaidi.

Vipimo vinasema nini? Wakubwa wakipungua mwaka hadi mwaka na wadogo wakazidi, ni dalili kwamba sangara wanavuliwa kabla ya kuzaa. Jike hupevuka akiwa mkubwa kuliko dume, na jike kubwa hutaga mayai mengi zaidi. Ndiyo sababu sangara wa chini ya sentimita 50 hawaruhusiwi.

Kwa hiyo ukiombwa samaki wako wapimwe, kubali. Ukificha wadogo, hesabu itaonyesha ziwa limejaa, kumbe linaisha.