Nyota Iliyopoteza Mkia

Waswahili huita nyota ya mkia kitu ambacho Wayunani wa kale walikiita nyota yenye nywele. Majina yote mawili yametokana na dalili ya macho, na kwa muda mrefu dalili hiyo ilitosha. Gimba dogo lilizungukalo Jua likiwa na mkia, ni nyota ya mkia. Likiwa halina, ni asteroidi. Mkia ukitoweka, je, jina nalo litoweke? Mtu angelidhani swali hili ni la wanasarufi. Katika mwaka wa 1992 liliwakabili wataalamu wa falaki, kwa sababu ya picha iliyopigwa miaka 43 nyuma.

Katika mlima wa Palomar, California, palikuwa na darubini iliyopiga picha za anga juu ya vioo. Kila sehemu ya anga ilipigwa mara mbili: kioo kimoja kilipokea nuru ya buluu, cha pili nuru nyekundu. Katika vioo vya tarehe 19 Novemba, 1949, Albert Wilson na Robert Harrington waliona kitu kilichovuta mkia mwembamba. Katika kioo cha buluu mkia ulikuwa dhahiri. Katika kile chekundu ulififia sana. Tofauti hii ina maana kubwa. Vumbi hurudisha tu nuru ya Jua, kwa hiyo lingaliacha alama yake katika vioo vyote viwili. Bali gesi iliyopigwa na miale ya Jua yaweza kung'aa kwa nuru yake yenyewe, na nuru hiyo aghalabu ni ya buluu. Kwa hiyo kilichoonekana kilikuwa ni pumzi ya barafu iliyogeuka mvuke. Baada ya siku chache kitu hicho kilipotea. Vipimo vilivyopatikana katika muda usiozidi wiki moja havikutosha kuikokotoa njia yake kwa hakika, nacho kikaandikwa miongoni mwa nyota za mkia zilizopotea.

Tarehe 15 Novemba, 1979, katika mlima ule ule lakini kwa darubini nyingine, Eleanor Helin aligundua asteroidi iliyopewa alama ya 1979 VA na baadaye nambari 4015. Haikuwa na mkia wala ukungu. Huzunguka Jua kwa miaka minne na kama theluthi moja, na njia yake imerefuka mno: hulikaribia Jua kiasi cha Dunia yetu, kisha huenda mbali kuielekea njia ya Mshtarii. Mwendo wa namna hiyo huwafaa zaidi wenye mikia, na shaka haikukosekana; lakini shaka si ushahidi.

Ushahidi ulikuwa kabatini. Njia ya asteroidi ilipokwisha kujulikana barabara, iliwezekana kuhesabu kinyumenyume na kuuliza ilikuwa wapi miaka ya nyuma. Edward Bowell akaitafuta katika vioo vya zamani, akaikuta katika kile cha 1949, na mkia wake. Tusisahau kumshukuru, ingawa hatumjui kwa jina, yeyote aliyevitunza vioo vile pasipo kujua vitamfaa nani.

Basi kitu kimoja kikabaki na vyeo viwili: ni asteroidi 4015, tena ni nyota ya mkia 107P, na katika daftari zote mbili chaitwa Wilson–Harrington. Helin, aliyekiona kikiwa kimya, hakutajwa katika jina. Nami naona hukumu hiyo ina ukali kidogo, kwani pasipo njia aliyoifungua yeye, kioo cha 1949 kingebaki bubu.

Yamkini barafu yake imezikwa chini ya gamba la vumbi, na mwaka ule ilipata upenyo mdogo. Kilipolikaribia Jua mwaka 2009 na 2010 kilitazamwa kwa darubini zenye uwezo mkubwa zaidi. Hakikuonyesha ukungu wala mkia.