Kukaa eda Nairobi: yampasayo mjane kuyajua

Mume wangu alifariki alfajiri katika hospitali moja hapa Nairobi, na kabla ya laasiri alikuwa ashazikwa makaburi ya Waislamu ya Kariokor. Mimi nikarudi kwenye nyumba yetu ya kupanga Muthangari, kati ya Lavington na Kawangware, na watoto wawili, na eda mbele yangu.

Kwetu Mombasa mtu akifa, mtaa mzima wajua kabla maiti haijaoshwa. Wanawake huingia jikoni bila kuulizwa, na kizuka hapikiwi na mtu mmoja. Muthangari twaishi kwenye maghorofa yenye lango na askari. Jirani wa mlango wa pili alijua siku ya tano, tena kwa kuambiwa na askari. Alikuja na mkate na maziwa, akasimama mlangoni asijue la kusema. Mungu amlipe.

Siku ya tatu, baada ya hitima, shemegi zangu waliniambia, "Wewe tulia ukae eda yako, karatasi tuachie sisi." Nikawapa kitambulisho cha marehemu na simu yake. Miezi miwili baadaye niliiona barua ya chifu iliyoorodhesha warithi. Majina ya watoto yalikuwemo, ya mama mkwe yalikuwemo. Langu halikuwemo. Sisemi walikusudia ubaya. Hakuna aliyekuwa na cheti chetu cha ndoa, na mimi niliyejua kilipo nilikuwa ndani nimefungiwa mlango. Kurekebisha jina hilo moja kulinichukua muda mrefu kuliko eda yenyewe.

Ndiyo maana naandika. Wanawake wa Pwani tulio Nairobi ni wengi, na mengi tunayoambiwa kuhusu eda ni mila, si sheria ya dini.

Eda yakataza nini

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi kwa hesabu ya miezi ya Kiislamu (Surat al-Baqara, aya ya 234). Aliye na mimba, eda yake humalizika anapojifungua (Surat at-Talaq, aya ya 4), hata kama ni wiki moja baada ya mazishi.

Katika muda huo mjane haolewi wala haposwi waziwazi. Hajipambi, hajitii manukato wala wanja, na halali nje ya nyumba yake bila dharura. Basi. Kuoga hakukatazwi, kuchana nywele hakukatazwi, wala kujitazama kwenye kioo. Kuzungumza na mwanamume kwenye simu kwa jambo la haja hakuharibu eda. Nguo nyeupe si sharti; lililo sharti ni kuacha nguo za pambo.

Na hili ndilo nililotaka kulisema kwa sauti: wanazuoni, na wa madhehebu yetu ya Shafi wamo, wamemruhusu mjane kutoka mchana kwa haja yake, mradi usiku arudi nyumbani kwake. Kununua chakula ni haja. Hospitali ni haja. Kwenda kwa chifu, benki na mahakamani kulinda haki ya mayatima wako ni haja, tena kubwa.

Eda ikaliwe wapi

Kabla ya wiki kwisha, mama yangu alikuwa ashatafuta tikiti za kunirudisha Mombasa. Huo ni upendo, na karibu kila familia ya Pwani hufanya hivyo. Lakini asili ya sheria ni mjane kukaa eda katika nyumba aliyokuwa akiishi mumewe alipofariki. Hivyo ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyomwagiza Furay'a bint Malik, alipoomba ruhusa ya kurudi kwa jamaa zake baada ya mumewe kuuawa.

Ukiwa na udhuru waweza kuhama: ukihofia usalama wako, ukitolewa na mwenye nyumba, au kodi ikikushinda. Kwa nyumba za kupanga za Nairobi udhuru huo hutokea kweli. Muulize sheikh unayemwamini, umweleze hali yako ilivyo. Mimi ndugu zangu walichanga kodi ya miezi mitano, nikabaki. Kubaki huko kulinifaa hata kwa dunia, kwani kila ofisi niliyoihitaji ilikuwa hapa.

Karatasi, kwa mpangilio

Kwanza ni taarifa ya kifo na kibali cha mazishi. Aliyefia hospitalini huandikiwa huko huko. Aliyefia nyumbani, taarifa hutolewa na naibu wa chifu. Karatasi hiyo ihifadhi wewe mwenyewe na uitoe nakala.

Pili ni cheti cha kifo. Huombwa kupitia eCitizen, na ukikwama waweza kuuliza Huduma Centre, kama ile ya GPO katikati ya jiji. Kifo chatakiwa kisajiliwe ndani ya miezi sita. Baada ya hapo huhesabiwa kuwa kimechelewa, na safari za ofisini huongezeka.

Tatu ni cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka ndoa za Kiislamu nazo zisajiliwe. Ndoa zetu nyingi zina mashahidi mia na picha za kombati, lakini cheti hakionekani. Kama huna, mtafute aliyewaozesha angali hai na mashahidi wangali wanakumbuka.

Nne ni barua ya chifu ya kuwatambulisha warithi. Chifu huandika majina anayotajiwa. Kwa hivyo uwepo, ama mwenyewe ama kwa mtu wako wa kuaminika, na uisome barua kabla haijapigwa muhuri. Nenda na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Tano, mali ya marehemu isiguswe. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, humtia hatiani anayeichukua au kuitumia mali ya maiti bila idhini ya sheria. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu hiki kimo katika sehemu ya sheria inayohusu usimamizi wa mali, ambayo hutuhusu na sisi Waislamu pale isipopingana na sheria yetu. Gari likiuzwa haraka haraka ni makosa. Kutoa pesa za M-Pesa kwa sababu wajua namba ya siri ya marehemu nako kuna hatari hiyo hiyo, hata kwa mjane mwenyewe. Simu izimwe, laini ihifadhiwe.

Mirathi

Waislamu wa Kenya mirathi yetu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 chaipa Mahakama ya Kadhi uwezo wa kusikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Nairobi ina Mahakama ya Kadhi. Si lazima usafiri hadi Mombasa kwa sababu wewe ni wa Mombasa.

Kabla ya kugawanya, hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi moja. Kumbuka kwamba mahari uliyoahidiwa na hukulipwa ni deni. Litaje, usione haya.

Kinachobaki ndicho hurithiwa. Mke hupata thumuni, yaani sehemu moja kwa nane, ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha (Surat an-Nisaa, aya ya 12). Wakiwa wake wawili au zaidi, hugawana fungu hilo hilo. Tuseme imebaki shilingi 800,000 na kuna watoto: mke mmoja hupata 100,000, na wawili kila mmoja 50,000. Lakini dhahabu yako, akiba yako na kabati ulilolinunua kwa mshahara wako si mirathi. Ni vyako. Visihesabiwe.

Kazi

Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, na haikutaja eda. Eda ni karibu siku 130. Ongea na mwajiri mapema, kwa maandishi: omba likizo yako, omba kazi ya kufanyia nyumbani, na ukinyimwa, jua kwamba mjane asiye na mwengine wa kumlisha anaruhusiwa kutoka mchana kwenda kutafuta riziki. Mimi nilirudi kazini mwezi wa tatu, kwa nguo za kawaida, na magharibi yanikuta nyumbani. Kuna waliosema. Hao waliosema hawakuwa wakinilipia karo.

Kwa ndugu wa marehemu

Mkitaka kumsaidia kizuka, msimtoe kwenye mambo yake. Mpelekeni kwa chifu kwa gari lenu, mshikieni watoto akiwa mahakamani, mlipieni kodi ya mwezi mmoja. Karatasi mletee asome kabla ya kutia sahihi. Na kama ni mjane asiyejua kusoma, msomeeni mbele ya shahidi wa upande wake.

Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba zamani kizuka akimaliza eda alipelekwa baharini kuoga. Muthangari bahari haiko. Siku yangu ilipotimia mama alipanda basi la usiku na leso mpya na udi, akanifukizia nyumba yote hadi askari akapanda kuuliza kama kuna moto. Tulicheka, mara ya kwanza tangu Kariokor.

Wewe unayesoma na mumeo yuko hai, Mungu amuweke: leo usiku muulize cheti cha ndoa kiko wapi.